Frankenstein ya ngozi ya mbuzi, iliyoshonwa hapa Goma

Jambo sana wandugu, karibuni. Leo mezani kuna kitabu kimoja tu, na nitakaa nacho mpaka mwisho wa video. Ni Frankenstein ya Mary Shelley, kwa Kifaransa, ile tafsiri ya Jules Saladin iliyotoka Paris mwaka 1821. Imechapwa upya na kujalidiwa kwa mkono hapa hapa Goma, na mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza rejista za parokia na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara. Ameniomba nisitaje jina lake, maana anafanya kazi peke yake na oda zikimjia kwa wingi hataziweza. Basi tutamwita Papa Fundi.

Tuanze na jalada. Ni ngozi ya mbuzi, nyeusi, isiyong'aa. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona vitundu hivi vidogo vidogo? Ni matundu ya nywele za mbuzi mwenyewe. Ngozi nyingi za vitabu hupitishwa kwenye mashine zikagandamizwa alama za kuigiza, hii haikuguswa. Na hapa chini, karibu na kona, kuna kovu: mstari mwembamba, mrefu kama kidole, pengine mnyama alijikwaruza kwenye senyenge. Mafundi wengi wangekata kipande hicho wakitupe. Papa Fundi amekiweka mbele kabisa. Kwa hadithi ya mwili ulioungwa vipande kwa vipande, naona ameamua vizuri sana. Hakuna zimwi juu ya jalada, hakuna damu, hakuna radi. Mgongoni kuna jina tu, kwa dhahabu.

Sasa nakifungua. Kinalala wazi chenyewe, mikono yangu iko huku. Sababu ni hii: karatasi zimekunjwa vifungu vifungu, kila kifungu kimeshonwa kwenye mkunjo kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kisha vifungu vyote vimefungwa kwenye kamba zinazokatiza mgongoni. Hizi nundu mnazoziona nyuma ni kamba zenyewe, si urembo wa kubandika. Vitabu tunavyonunua kila siku hukatwa mgongo na kupakwa gundi tu, ndiyo maana kurasa zinaanza kudondoka mapema. Hiki, hata gundi ikichoka, uzi unabaki, na fundi mwingine miaka mingi ijayo anaweza kukifumua na kukishona tena.

Lakini kilichonifanya nirekodi ni hiki kingine. Nakifunga, tazameni ukingo wa kurasa. Rangi ya maziwa, halafu nyeupe, halafu mkanda wa kijivu katikati, halafu nyeupe tena, halafu maziwa. Waliosoma riwaya hii wameshaelewa. Ina sauti tatu, moja ndani ya nyingine. Nje kabisa yuko Walton, msafiri wa bahari aliyenaswa na barafu ya kaskazini, anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua hizo Victor Frankenstein anasimulia alivyokusanya viungo vya maiti akavipa uhai, kisha akavikimbia. Na katikati ya simulizi la Victor, kiumbe mwenyewe anakaa chini na kusema. Papa Fundi amempa kila msemaji karatasi yake. Kijivu ni ya kiumbe.

Jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Huwezi kubadili karatasi katikati ya kifungu, lazima sauti mpya ianzie kwenye kifungu kipya. Ndiyo maana kabla ya kiumbe kuanza kusema kuna kurasa mbili tupu, za kijivu, bila hata namba. Nimeziona nikanyamaza. Mtu huyo ametukanwa na kupigwa mawe tangu azaliwe, na kitabu kinampa nafasi ya kuvuta pumzi kwanza.

Na ni sehemu hiyo ya kijivu ninayoipenda kuliko zote. Kiumbe amejificha kando ya nyumba ya familia maskini, ya mzee De Lacey asiyeona, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Siku moja porini anaokota mkoba wa ngozi wenye vitabu ndani, anavisoma, na kwa kusoma ndipo anajua yeye ni yatima wa aina gani. Wengi wanaojua hadithi hii kupitia filamu za zamani tu hawajui kwamba anasema, na anasema vizuri kuwashinda wote.

Picha ni chache, zimechongwa kwa kisu kwenye linoleo, lile tandiko laini la sakafu, na kupigwa chapa kwa wino mweusi. Uso wa kiumbe hauonyeshwi hata mara moja. Nitawaonyesha moja. Ni ule usiku wa Novemba: Victor amekimbilia kitandani, anashtuka usingizini, kiumbe ameinua pazia la kitanda. Katika maandishi Victor anasema mkono mmoja ulinyooshwa kama wa kumzuia asiende, naye akakimbia. Mchoraji amechora mkono huo peke yake, kiganja juu, vidole vimefunguka. Angalieni mistari ya kisu kwenye kifundo: imepishana mahali ngozi mbili zinapokutana. Ukimwonyesha mtu asiyejua hadithi, atakuambia ni mtoto anaomba kubebwa. Hapo ndipo hofu ya kitabu hiki ilipo, kwamba baba alimwona mwanawe akaondoka.

Kuhusu maandishi: Saladin alitafsiri toleo la kwanza, lililotoka London tarehe 1 Januari 1818, vitabu vitatu, nakala 500, bila jina la mtunzi. Wengi walidhani ni kazi ya mume wake, Percy. Mwaka 1831 Mary alilifanyia mabadiliko, na matoleo mengi ya sokoni yanafuata hilo. Kama katika nakala yako Elizabeth, mchumba wa Victor, ni binamu yake wa damu, una lile la 1818. Mimi nalipenda hilo la kwanza, ni kali, na Victor hapati visingizio vingi.

Sasa karatasi hii ya ndani ya jalada. Papa Fundi amepika uji wa unga wa ngano, akauchanganya na vumbi la mawe ya lava yaliyosagwa, akaupaka na kuuchora kwa kitana. Si pambo la bure. Mwezi wa nne mwaka 1815 mlima Tambora, kisiwani Sumbawa huko Indonesia, ulilipuka. Salfa iliyorushwa juu ikazuia sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi: mvua, baridi, mavuno yameharibika, watu wana njaa. Mary, miaka 18, alikuwa kando ya ziwa la Geneva pamoja na Percy, mshairi Lord Byron na daktari Polidori. Mvua iliwafungia ndani, Byron akapendekeza kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Wao hawakujua mvua ile imetokana na mlima wa mbali namna hiyo. Sisi wa Goma, tuliobeba magodoro kichwani tukikimbia lava ya mlima Nyiragongo Januari 2002 na tena Mei 2021, tukikigusa kitabu hiki vidole vinatambua vumbi lake.

Na ni vumbi hilo hilo linalonipa malalamiko. Linamwagika. Ukurasa wa kwanza wa nakala yangu tayari una madoa ya kijivu, na chembe za lava zinakwaruza. Uji ulihitaji kupakwa nta juu yake. Halafu ala ya karatasi ngumu inayokibeba kitabu inabana mno, kila ukikitoa inasugua ngozi, na dhahabu ya mgongoni imeanza kufifia. Mimi nimeiweka ala pembeni.

Ukikinunua, usikifunge kwenye plastiki, unyevu wa huku kando ya ziwa utaota ukungu ndani. Kisimamishe kabatini, mbali na dirisha, pitisha kitambaa kikavu. Na dawa ya mende iwe karibu, maana gundi ya unga wanaipenda sana.

Bei ni dola 120. Najua uzito wa dola 120 katika mji huu, na mwanafunzi anayetaka hadithi tu atafute nakala ya mtumba, ataipata kwa franka chache na hadithi ni ile ile. Lakini mwenye uwezo, aliyekuwa akiagiza vitabu vya ngozi kutoka Ulaya, ajue kwamba kwa mshono huu hatapata cha kumzidi Papa Fundi.

Nimemwambia kuhusu vumbi na ala. Amekubali kupaka nta chapa ijayo, na kwa ala amesema nimletee yangu aipanue bila malipo. Naipeleka Jumatatu.