Rapcha au Young Lunya: nani anaandika mashairi vizuri zaidi?

Ubishi huu hauishi, na naupenda, kwa sababu unaonyesha kuwa rapa vijana wa Tanzania bado wanaandika.

Rapcha ni msimuliaji. Katika wimbo wake "Lissa" anajenga kisa hatua kwa hatua. Ukipitwa na mistari miwili, umepotea. Hapo anashinda kwa mbali, maana ubeti wake haukatiki vipande ukabaki na uzito uleule. Ila mwisho wa kisa ukishaujua, mshtuko wa mara ya kwanza haurudi.

Young Lunya anapiga mstari kwa mstari. Vina vinagongana, pumzi haikatiki, na zile "Freestyle Session" zake, yaani rekodi za mitindo huru, zinasimama kwa nguvu ya kuchana (kurapu) tu. Jukwaani namwamini yeye: mstari wake hukaririwa hata na asiyeujua wimbo mzima. Udhaifu uko kwenye mada. Majigambo yamechukua nafasi kubwa mno, na kwa kipaji kile namdai zaidi.

Lugha? Wote wanachana Kiswahili cha mtaani, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Una safari ndefu na utulivu wa kusikiliza? Anza na Rapcha. Unajifunza kuchana, au unataka kuchangamsha watu? Mchukue Lunya.