Uzoefu wangu na Lincoln Town Car, gari iliyobeba jina la Lincoln zima

Wakuu, watu wananiuliza sana kwa nini bado naendesha Lincoln Town Car ya 2009 wakati hapa Columbus, Ohio karibu kila mtu anayebeba abiria wa eapoti kashahamia kwenye SUV, basi leo naandika yote kwa mkupuo, uzuri wake, ubaya wake na historia ya kampuni yenyewe, Lincoln, ambayo ndo jina la magari ya kifahari ya Ford, maana bila historia huwezi kuelewa hii gari ni nini na kwa nini mi naona Lincoln hawakupaswa kuiua.

Yangu ni toleo la Signature Limited, nyeusi, niliichukua ikiwa imeshatumika. Injini ni V8 ya lita 4.6, nguvu farasi 239, gia otomatiki na ni gia nne tu. Urefu unapita mita 5.4, kwa hiyo kama unakaa mtaa wa kugombania parking jipange. Inasukumwa na matairi ya nyuma, na bodi imekalishwa juu ya chesesi yake kamili kama pikapu, sio ile ya bodi na chesesi kitu kimoja kama saluni nyingi za siku hizi. Hapo ndo penye utamu wote. Kati ya bodi na chesesi kuna mipira, sasa mtetemo wa barabara unafia huko huko chini kabla haujamfikia aliyekaa. Ohio baridi ikiisha barabara zinabaki mashimo matupu, na mi napita na mzee wa watu kalala siti ya nyuma mdomo wazi, hajui kama tumepita shimo wala daraja. Inanesa, haigongi. Kwenye kona kali ndo usijitie ubingwa, inalala upande na usukani ni mwepesi mno, haikutengenezwa kwa ajili ya fujo.

Kuna kitu nakipenda kila nikipakia mizigo. Buti lake ni futi za ujazo 21 na katikati lina shimo refu, masanduku makubwa yanasimama wima humo ndani, sio kulaza. Ukishajaza mizigo na watu watatu nyuma, mkia unashuka kidogo kama gari yoyote, halafu unasikia mngurumo mdogo mbele kwenye boneti, compressor (pampu ya upepo) inajaza upepo kwenye mifuko ya mpira iliyowekwa nyuma badala ya springi, na mkia unapanda wenyewe taratibu mpaka gari inakaa sawa. Wateja wengi hawaoni, ila watoto wanaona, wanabaki wanashangaa gari inajinyanyua. Na ile taa ya mbele hailengi juu kupofusha watu kwa sababu gari haijainama nyuma, kitu kidogo lakini usiku kwenye hawei kina maana.

Kingine ni vile vibonyezo vitano vya namba kwenye mlango wa dereva. Lincoln na Ford wamekuwa navyo tangu 1980. Wakati wa baridi nawasha gari naiacha inachemka na hita imewashwa, funguo ndani, nafunga milango, naingia ndani kunywa chai, nikitoka nabonyeza namba zangu naingia kwenye gari ya moto. Miaka yote hii kampuni nyingine zinahangaika na simu na kadi, hapa vibonyezo vitano vinamaliza kazi. Mbele siti ni ndefu ya watu watatu, gia iko kwenye usukani, kwa hiyo ukiinua kile cha kuegemeza mkono cha katikati unabeba abiria watano na dereva wa sita bila kubanana sana. Dashibodi ina saa ya mishale. Hakuna skrini kubwa, na kiukweli sijawahi kuikumbuka.

Mafuta sasa, tusidanganyane. Makadirio rasmi ya serikali ya Marekani ni maili 16 kwa galoni mjini na 24 hawei, na mjini wakati wa foleni usitegemee zaidi ya hapo. Inakubali mafuta ya kawaida, sio lazima yale ya bei juu, hiyo inapunguza maumivu. Mwenye kazi ya kuzunguka mjini siku nzima apige hesabu kwanza, ila mimi safari zangu nyingi ni za hawei.

Sasa kwa nini hizi gari zinafika maili laki tatu na zaidi bado ziko barabarani? Sababu ni kwamba chini ya lile vazi ni ndugu wa damu na Ford Crown Victoria, ile ya polisi na teksi, na Mercury Grand Marquis. Chesesi hiyo waliiita Panther, ilianza na magari ya 1979, wakaiboresha boresha tu miaka zaidi ya thelathini. Fikiria kitu kimeendeshwa na polisi wa nchi nzima, injini inanguruma saa ishirini na nne, teksi za New York juu, makosa yote yalishaonekana na mengi yakarekebishwa. Spea zimejaa kila kona na bei yake ni ya Ford sio bei ya anasa, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Mtu akikwambia anasa ni lazima iwe ghali kuitunza muoneshe Town Car.

Historia yake inanigusa kwa sababu ya mzee mmoja anaitwa Henry Leland. Huyu alizaliwa 1843, alikuwa fundi wa kutengeneza vitu kwa vipimo vya hali ya juu, alipitia viwanda vya silaha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1902 Henry Ford aligombana na wenye pesa wake akaondoka kwenye kampuni yenye jina lake, wenye pesa wakamwita Leland aje kukadiria thamani ya kiwanda wakiuze, Leland akawaambia msiuze, tengenezeni gari kwa injini yangu. Hiyo ndo Cadillac. Yaani Cadillac imetoka kwenye mabaki ya kampuni ya Ford. Baadaye General Motors wakainunua, na 1917 mzee Leland, umri zaidi ya miaka sabini, watu wa rika lake wanacheza na wajukuu, akaondoka Cadillac kwa mzozo na bosi wa GM akaanzisha kampuni mpya na mwanae Wilfred kutengeneza injini za ndege za Liberty kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza. Akaipa jina la Abraham Lincoln, rais aliyempigia kura yake ya kwanza 1864. Mtu mmoja kaanzisha majina mawili makubwa kabisa ya magari ya kifahari Marekani, na hayo majina yakaja kupigana karne nzima.

Vita vilipoisha wakahamia kwenye magari, gari la kwanza likatoka 1920, imara kweli lakini sura yake ya kizamani na pesa ikawaishia. Februari 1922 kampuni ikauzwa chini ya mahakama na mnunuzi akawa nani? Henry Ford, kwa dola milioni 8. Miezi michache tu Leland na mwanae wakawa nje. Mi kila nikifika hapa roho inaniuma, kwa sababu huyu mzee aliyafundisha magari ya Marekani nini maana ya vipimo sahihi, halafu anatolewa kwenye nyumba aliyoijenga.

Aliyeifanya Lincoln kuwa nzuri kwa macho ni Edsel Ford, mtoto wa Henry. Baba alikuwa mtu wa gari za bei rahisi kwa wengi, Edsel alikuwa mtu wa urembo. Lincoln iliyoitwa Continental, ile ya kwanza, ilianza kama gari lake binafsi la kwenda nalo mapumziko Florida, mchoraji wake Bob Gregorie akaichora, matajiri kuiona tu wakaitaka, ikaingia sokoni kama gari ya 1940. Edsel akafariki 1943 akiwa na miaka 49 tu. Kisha ikaja ile Continental ya 1961, aliyoichora Elwood Engel, milango ya nyuma inafunguka kinyume, pembeni pako wazi kabisa hapana manikeli mengi. Wakati wenzao wamejaza mapezi mkiani na urembo kila mahali, Lincoln wakavua. Na wakaipa dhamana ya miaka miwili au maili 24,000, kitu ambacho kampuni za Marekani wakati huo hazikuthubutu.

Ya hiyo hiyo 1961 ndo gari aliyopigwa risasi Rais Kennedy kule Dallas, Novemba 1963. Iko makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn, Michigan, na kutoka hapa Columbus ni mwendo wa saa tatu na kitu, nilienda nayo Town Car yangu. Nilitegemea kuona ile ya wazi ya kwenye picha, kumbe baada ya tukio hawakuitupa, waliijenga upya, wakaivika kinga ya risasi na paa la kudumu, ikapakwa rangi nyeusi, ikaendelea kubeba marais mpaka 1977. Nilisimama pale muda mrefu nikiangalia ule mlango wa nyuma. Hatua chache unakuta Lincoln ya Rais Roosevelt waliyoiita Sunshine Special. Ukitoka hapo unaelewa Lincoln ilipata wapi ile heshima, gari la kubeba mtu mzito, dereva mbele, bosi nyuma.

Na hiyo ndo kazi Town Car ikairithi. Ikasimama kama modeli yenyewe 1981, ikabadilishwa sura 1990, ikazungushwa pembe 1998, na mwaka huo huo 1998 Lincoln wakaipita Cadillac kwa mauzo Marekani kwa mara ya kwanza. Cadillac walikuwa wameshatangaza wao ndo wa kwanza, mwaka uliofuata ikabidi wakiri hesabu zao zilizidishwa. Navigator, SUV kubwa ya Lincoln, nayo ilichangia sana ushindi huo. Lakini ukienda New York, Manhattan, gari nyeusi zilizopanga foleni mbele ya ofisi za mabenki zilikuwa Town Car. Uber walipoanza San Francisco 2010 walianza na gari nyeusi za namna hiyo. Sifa ya Lincoln mjini ilikuwa inabebwa na madereva kama sisi, wengi wetu wageni, Wahabeshi, Wapakistani, Waafrika Magharibi, sisi wa Uswahilini, tumelea watoto kwa hizo gari.

Halafu wakaiacha. Kiwanda cha Wixom, Michigan kikafungwa 2007, wakahamishia St. Thomas, Ontario huko Kanada, yangu imetoka huko, na ya mwisho kabisa ikatoka Agosti 29, 2011. Badala yake wakaleta MKT, na kulikuwa na MKZ, MKX, MKS, jamani nani anakumbuka ipi ni ipi? Mteja alikuwa anasema nitumie Town Car hata asipojua kampuni inaitwaje, jina la namna hiyo unalitupaje. MKZ yenyewe ilikuwa Ford Fusion imevalishwa. Wakarudisha Continental 2017, nzuri tu, 2020 wakaiua. Sasa hivi Marekani Lincoln wanauza SUV peke yake, na Nautilus ya kizazi hiki inaunganishwa Hangzhou, China. Niliingia kwenye Navigator mpya, ile skrini ya inchi 48 imetanda dashibodi nzima, siti ni safi, kimya ni cha Lincoln kweli, hapo nawapa haki yao. Bei sasa, kwa dereva anayejitegemea huo mzigo utaulipa mpaka uzeeke.

Walioko nyumbani wanaoniuliza kuileta Bongo au Kenya, hii usukani ni wa kushoto tu, na Kenya kusajili gari ya usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida hawakubali. Ndugu zetu wa Oman na nchi za Ghuba nyie mna bahati, huko ziliuzwa rasmi.

Kwa anayetaka kununua hapa Marekani, zile za 1996 mpaka 2001 ziogope kwa sababu manifold ya juu ya injini (ile inayogawa hewa kwenda kwenye silinda) ilikuwa ya plastiki, inapasuka na kumwaga maji, kesi yake ilifika mpaka mahakamani, kwa hiyo uliza kama imeshabadilishwa. Kuanzia 2003 chesesi ilikuwa mpya, usukani na miguu ya mbele ikabadilishwa, tofauti unaisikia ukiwasha tu ukatoka nayo. Mifuko ya upepo ya nyuma ni mpira, inachoka na umri, ikae usiku mzima halafu asubuhi uangalie kama mkia umelala chini. Kuna mafundi watakushauri utoe mifuko uweke springi za kawaida, ni rahisi kweli ila unapoteza ule ulaini wote, mi nasema nunua mifuko mipya. Na majimbo ya theluji chumvi ya barabarani inakula chini, ingia uvunguni na tochi uangalie chesesi na mabomba ya breki kabla hujaangalia rangi. Gari ya mzee aliyestaafu Florida, maili kidogo, chini pakavu, hiyo hata muuzaji akikaza bei kidogo mlipe uondoke nayo.