Mizani ya nyumbani na ya kliniki: kilo 2.4 zilizotutia hofu

Mama yangu ana tatizo la moyo. Moyo wake hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa, kwa hiyo maji hubaki mwilini, miguu huvimba, na pumzi humwishia akipanda ngazi. Siku alipotoka wodini daktari alitupa dawa, na pamoja na dawa akatupa kazi: mama apimwe uzito kila asubuhi, na uandikwe. Ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, tusingoje tarehe ya kliniki. Mafuta hayajengeki mwilini kwa kasi hiyo. Kilo mbili za siku tatu kwa mgonjwa kama yeye huwa ni maji.

Ndipo nikanunua mizani ya kidijitali, ile bapa ya kioo yenye miguu minne midogo chini. Nimeitumia miezi saba sasa. Naandika uzoefu wangu kwa ajili ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani, ambaye siku moja atafika kliniki na kukuta namba isiyofanana kabisa na ya daftari lake.

Siku yetu sisi ilikuwa hivi. Asubuhi nyumbani, 63.4. Saa tano kliniki, 65.8. Muuguzi akaangalia daftari langu, akaangalia mizani yake, akauliza, "Mama, mbona umeongezeka kilo mbili na zaidi tangu asubuhi ya leo? Miguu haijavimba?" Mama akageuka akanitazama mimi, mshika daftari. Moyo ulinipiga paa.

Kwa daktari haikuanza habari ya dawa. Alimbonyeza mama kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, akashikilia, akaachia, akatazama kama pamebaki shimo. Hapakubaki. Akasikiliza mapafu, akaridhika. Kisha akafungua kadi na kutafuta uzito uliopimwa palepale kliniki mwezi uliotangulia: 65.6. Yaani tofauti ilikuwa gramu 200 tu. "Ya nyumbani ilinganishe na ya nyumbani," akaniambia, "na ya hapa ilinganishe na ya hapa."

Nilishukuru, lakini sikutulia. Kilo 2.4 si kitu cha kupita hivihivi, tena kwa mtu ambaye kilo 2 ndizo zinazoamua arudi hospitali au abaki nyumbani. Nilitaka kujua zimetoka wapi, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mwezi uliofuata nilijipanga.

Alfajiri, mama alipotoka msalani, kabla ya kula wala kunywa, akiwa na gauni lake jepesi la kulalia, mizani ilisoma 63.2. Hiyo ndiyo namba ya daftari. Akapata kifungua kinywa, akanywa maji na vidonge vyake. Nikampima tena na gauni lilelile: 63.8. Gramu 600 zimeingia, na hakuna muujiza wowote hapo, kwani lita moja ya maji ni kilo moja, na nusu lita ukiimeza inakuwa nusu kilo juu ya mizani papo hapo. Akavaa nguo za safari, sweta lake zito na viatu. Nikampima mara ya tatu: 65.0. Nguo na viatu peke yake vimekula kilo 1.2. Sikutegemea kiasi hicho. Nilipoweka viatu vile peke yake mkononi nikaelewa. Vina soli nene za mpira, na kila kimoja ni kizito kuliko kinavyoonekana.

Kisha nikaitia mizani kwenye begi na kwenda nayo.

Muuguzi alikuwa yuleyule. Nilimwomba ruhusa, akanipa, tena akasogeza kiti ili nipate nafasi kwenye sakafu ngumu kando ya mizani yake. Mama akapanda ya kliniki: 65.5. Akashuka, akapanda yetu: 65.0, vilevile kama alivyoondoka nyumbani. Nikapanda mimi na viatu vyangu: ya kliniki 79.5, yetu 78.9. Hapo picha ikakamilika. Sisi wawili, mizani mbili, sakafu moja, dakika moja, na yetu inasoma chini kwa nusu kilo kwa mama na gramu 600 kwangu. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyopungukiwa zaidi, kwa uwiano uleule. Niliporudi nyumbani nilijaza dumu maji lita 20, nikiyapima kwa jagi. Dumu tupu lilikuwa 0.9, likiwa limejaa 20.7. Maji yalitakiwa yawe karibu kilo 20, mizani ikasema 19.8. Hadithi ni ileile.

Kwa hiyo zile kilo zilizotutisha, sehemu kubwa haikuwa kosa la mizani hata kidogo. Nusu yake ilikuwa nguo na viatu. Robo ilikuwa kile mama alichokula na kunywa. Robo iliyobaki tu ndiyo mizani yenyewe. Mwili nao hautulii: usiku kucha unapoteza maji kwa pumzi na jasho, ndiyo maana asubuhi ndiyo saa ya uzito mdogo kabisa, na kutwa nzima uzito wa mtu mzima unaweza kwenda juu na chini kwa kilo moja hata mbili bila kunenepa wala kukonda. Mama anatumia pia dawa ya kukojosha, na dawa hiyo inavuta upande wake. Ukimpima kabla haijafanya kazi na ukimpima baada ya saa tatu, umepima vitu viwili tofauti.

Sasa kuhusu mizani yenyewe, maana hii ni tathmini yake. Ina mambo mawili ambayo ningependa ningeambiwa siku ya kwanza.

La kwanza ni zulia. Wiki mbili za mwanzo niliiweka chumbani kwa mama, juu ya zulia, karibu na kitanda, ili asitembee. Ilikuwa inasoma 62 na kitu kila siku, nami naandika. Siku moja nikaihamishia bafuni kwenye vigae, na kesho yake ikasoma 63.4 kutoka 62.1. Kilo 1.3 kwa usiku mmoja! Nilishika simu kumpigia daktari, kisha nikaona nipime kwanza kule kwa zamani. Juu ya zulia: 62.1. Bafuni: 63.4. Nikaigeuza na kuangalia chini, na jibu lilikuwa pale. Vihisi vya uzito vimo kwenye ile miguu minne. Kila mguu una kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukikanyagwa, na waya mwembamba uliogandishwa juu yake unabadilisha ukinzani wake wa umeme kadiri chuma kinavyopinda. Mashine inajumlisha miguu yote minne na kukupa namba. Lakini ikiwa miguu imezama kwenye manyoya ya zulia, tumbo la mizani linagusa zulia na kubeba sehemu ya uzito, na uzito huo haupiti kwenye kihisi chochote. Ni kama umeshikilia ukuta huku unapimwa. Mizani za springi nazo huvurugwa na zulia, ila si zote zinazopungua. Nyingine huongeza, kutegemea jinsi sahani yake ya chini inavyopinda. Karatasi ya maelezo ilisema "weka mahali tambarare na pagumu" kwa herufi ndogo kuliko zote. Ilistahili herufi kubwa kuliko zote. Zile siku 14 za mwanzo nimezikata kwa mstari mwekundu daftarini, maana hazifai kulinganishwa na chochote.

La pili limeniudhi zaidi, na bado linaniudhi. Nilikuwa nafurahi kwamba mizani hii haibabaiki: panda mara tatu, inasoma 63.4, 63.4, 63.4. Siku moja mama alipanda mara ya pili akiwa na simu yake mkononi, na simu ile ina karibu gramu 200. Bado 63.4. Nikampa chupa ya maji ya lita moja: 64.6. Akairudisha, akabaki na simu: 63.6. Kumbe mizani hii ina kumbukumbu. Ukipanda tena na uzito ukawa karibu na wa mwanzo, haikupi kipimo kipya, inakurudishia namba ya zamani ili uione ni sahihi. Mizani kadhaa za nyumbani zimetengenezwa hivyo, na kwa mtu anayetaka kujua tu kama amepungua kwa mwezi pengine haina madhara. Kwa mgonjwa wa moyo ambaye gramu 200 za leo na 300 za kesho ndizo dalili yenyewe, ni kufichwa ukweli. Dawa niliyoipata ni kupanda mimi kwanza, mizani ikasoma mwili wangu, ndipo mama apande. Hapo inalazimika kupima upya. Tangu nianze hivyo, namba za mama zinacheza kwa gramu 100 au 200 kila siku, na ndivyo mwili ulivyo.

Mengine ni madogo. Ukiisogeza, ikanyage kidogo kwa mguu, ngoja ioneshe 0.0, ndipo upande; usipofanya hivyo inaanzia kwenye sifuri ya mahali pa zamani. Simama katikati, usiegemee. Betri ikianza kuisha ibadilishe mapema. Na hakikisha iko kwenye kilo: yetu ina kitufe nyuma cha kuhamia ratili, na mjukuu alikibonyeza, siku hiyo bibi yake akasomeka karibu 140.

Watu wengi wanadhani namba yenye desimali moja ni sahihi hadi desimali hiyo. Sivyo. Mizani yetu inaonyesha kila gramu 100, lakini kwa mama inakosea kwa gramu 500. Kuonyesha ni jambo moja, kusema kweli ni jingine. Mizani ya kliniki iliyohakikiwa inabanwa zaidi. Katika kanuni za kimataifa za upimaji, mizani ya daraja la III (la usahihi wa kati) inayosoma kila gramu 100 inaruhusiwa kukosea si zaidi ya gramu 100 kwa mtu wa kilo 65 inapohakikiwa, na gramu 200 ikiwa tayari kazini. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2014/31/EU, unataka mizani zote za kupimia wagonjwa kwa uchunguzi na matibabu ziwe zimehakikiwa hivyo. Ya nyumbani haidaiwi hayo. Hata hivyo ya kliniki nayo si malaika: ile yenye magurudumu ikisukumwa kutoka chumba hiki hadi kile bila kurudishwa sifuri, au ikiwekwa sakafu isiyo sawa, itakosea vilevile. Angalia kama ina stika ya uhakiki na ya mwaka gani.

Nilijiuliza pia kuhusu mvutano wa dunia, kwa sababu mizani za springi na za kidijitali hupima msukumo wa mwili kwenda chini, kisha zikautafsiri kuwa kilo. Mvutano ni dhaifu kidogo kwenye ikweta kuliko kwenye ncha za dunia, kwa kama nusu ya asilimia moja. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni zaidi ya gramu 300. Ndiyo maana baadhi ya mizani za kitabibu zina sehemu ya kuweka eneo inapotumika. Ile ya zamani ya mkono wa chuma, ya kusukuma kizito mpaka mkono ulale sawa, haina shida hiyo, kwa kuwa inalinganisha mwili wako na kizito, na vyote viwili vinavutwa sawasawa. Ila kati ya bafu letu na kliniki yetu mvutano ni uleule, kwa hiyo si jibu la tofauti yetu. Inawezekana inaeleza sehemu tu ya upungufu ambao mizani yetu inao popote iendapo, ikiwa ilisawazishwa kiwandani mbali na hapa.

Je, ningeinunua tena? Kwa kazi hii, ningetafuta isiyo na kumbukumbu, na ningeijaribu kwa chupa ya maji na simu kabla ya kulipa. Lakini yetu sitaitupa. Inakosea upande mmoja na kwa kiasi kilekile kila siku, na mizani inayokosea hivyo bado inaona maji yanapoanza kujaa. Mwezi wa tano iliyaona: 63.3, 64.1, kisha siku ya tatu 65.5, mahali palepale, saa ileile, gauni lilelile. Miguu ilikuwa bado haijavimba sana na mama alikuwa anasema yuko salama. Tulikwenda siku hiyohiyo, dawa ikaongezwa, na wiki moja baadaye akarudi 63.5. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu iliyopotea ni ya herufi ndogo, moja ya kumbukumbu.

Siku hizi daftari lina safu mbili, "nyumbani" na "kliniki", na mama huvua viatu na sweta kabla ya kupanda ya kliniki. Mara ya mwisho nyumbani ilikuwa 63.1 na kliniki 64.6. Muuguzi aliandika zote mbili kwenye kadi, kila moja mahali pake, akamwambia mama ashuke polepole.