Umeshuka Songwe, ukodi gari gani? Nimeyapanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho

Wageni wanaonijia Mbeya kwa ndege hufanya kosa lilelile. Wanatoka nje na begi, wanaangaza kulia na kushoto wakitafuta vibanda vya kukodisha magari, na anayewapokea ni dereva wa teksi: "Bosi, mjini?" Huku kwetu gari la kukodi unalipanga kwa simu kabla hujapanda ndege. Ukingoja mpaka ushuke utachukua lililobaki, na lililobaki lina sababu ya kubaki.

Jina la uwanja nalo linachanganya watu. Uwanja wa Songwe ulianza kazi Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule mdogo wa mjini, na uko ndani ya mkoa wa Mbeya, kilomita 20 na ushei kutoka katikati ya jiji. Mkoa wa Songwe ulizaliwa baadaye, 2016, na makao yake ni Vwawa, mbele kabisa kuelekea Tunduma. Kuna mgeni wangu alimwambia mwenye gari "nakuja Songwe", jamaa akamsubiri Vwawa tangu asubuhi. Mkipanga, sema "uwanja wa ndege", kisha taja Mbalizi. Mbalizi ndio mji wa jirani, na humo ndimo utakamokunywa chai, kujaza mafuta na kutafuta fundi.

Sasa kabla ya kupanga magari, niseme kilichonifanya niyapange hivi.

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, uwanja uko kwenye mita 1,340 hivi. Ukitoka mjini kupitia Nzovwe na Iyunga huoni sana tofauti, ila ukifika Iwambi barabara inainama na haiinuki mpaka uione Mbalizi. Mteremko huo unaushuka pamoja na malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo, na magari ya IT, yaani yaliyoagizwa na yanayopitishwa tu kwenda nchi jirani, yanayowahi mpaka. Mwaka juzi nilikodi IST mjini nimpeleke mama mdogo akapande ndege. Nilikuwa nimelikagua kama wengi tunavyokagua: rangi, redio, kiyoyozi. Tulikuwa wanne, na nyuma kuna ndoo ya maparachichi na mfuko wa mchele wa Kyela. Tumeanza kushuka nyuma ya semi lenye kontena, nakanyaga, naachia, nakanyaga. Katikati ya mteremko pedali ikaanza kuzama. Mama mdogo akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo harufu ni ya lori au ni yetu?"

Ilikuwa yetu. Nikashusha gia hadi L, nikawasha hazadi, injini ikalia kama inachinjwa lakini gari likapungua mwendo, tukatambaa pembeni mpaka Mbalizi. Fundi alipovua tairi la mbele alinionyesha breki pedi bila kusema neno: chuma kitupu, kimepiga rangi ya bluu kwa moto. Mama mdogo alimalizia safari kwa bajaji, ndoo mapajani. Nilipompigia mwenye gari akanijibu, "Kaka, mbona wenzako hawajawahi kulalamika?"

Tangu siku hiyo naanza na breki na tairi, jina la gari linafuata. Lakini jina nalo lina uzito wake, kwa hiyo twende.

La kwanza: RAV4 ya zamani iliyotunzwa

Najua utashangaa sijaanza na IST. Ukitaka gari moja litakalokutoa uwanjani, likupeleke mjini, kesho Tukuyu, keshokutwa kijijini kwa mzee, chukua RAV4 ya miaka ya 2000 mwanzoni, ile watu wanaiita Kili Time. Nissan X-Trail ya umri huo nayo naiweka hapahapa, ingawa mafundi wa Mbalizi wana vipuri vya Toyota vingi zaidi, na ukiharibikiwa Jumapili utaelewa ninachosema.

Sababu ni mbili. Huku lami inakwisha ghafla. Barabara kuu ni mkeka, lakini chepuka Mbalizi kwenda Umalila, kule Ilembo na Santilya kwenye viazi, utakuta udongo mwekundu ambao mvua ikiugusa unakuwa sabuni. Mvua zetu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Gari lililoinuka, linalovuta kwa tairi zote nne, linakuokoa na aibu ya kusukumwa na watoto wa shule. Muulize mwenyewe, "Hii inavuta zote nne?" maana zipo RAV4 zinazovuta mbele tu na kwa nje zinafanana.

Sababu ya pili ni pumzi. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Yaani gari ulilolizoea Dar es Salaam, hapa limeshapungua kabla hujapakia mtu. Injini ya lita mbili inapungua na bado inabaki na kitu. Ukienda Chunya, kilomita 72 za lami zinazopanda kwanza milima ya nyuma ya jiji, utaona magari madogo yamewashwa hazadi yanapanda kama yanahesabu mawe.

La pili: IST, lakini soma kadi

Kwa mtu mmoja au wawili wanaozunguka mjini, Mbalizi, Uyole, labda na Tukuyu kwa lami, IST inatosha na inakula kidogo. Iliyotunzwa inakwenda kilomita 13 hadi 15 kwa lita kwenye barabara kuu. Hapo ndipo inapoishinda RAV4, na kama safari yako yote ni ya lami, wageuze hawa wawili.

Fungua kadi ya gari usome ujazo wa injini. Zipo za 1290 na za 1490. Kwa tambarare tofauti huioni. Kwa kupanda Iwambi ukitokea uwanjani na abiria wanne, ile ya 1290 itakufanya uzime kiyoyozi na kumwomba Mungu. Vitz na Passo ndogo ziache mjini.

La tatu: Noah na dereva wake

Familia, msiba, harusi, kikundi cha kwaya: Noah. Usiendeshe mwenyewe kama hujazoea. Ni ndefu, ikijaa inakuwa nzito kwenye mteremko, na Noah nyingi za kukodi zimeshafanya kazi ya abiria, shokapu zimechoka. Dereva wake anajua inapolalamika.

La nne: Prado, au Land Cruiser mkonga

Ni gari zuri kuliko yote niliyotaja. Nimeliweka la nne kwa kuwa wengi wanaolikodi hawalihitaji. Prado ya petroli inakunywa lita moja kwa kilomita 7 au 8, na mafuta ya Mbeya ni ghali kuliko ya Dar kwa sababu yamesafirishwa. EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, kwa hiyo piga hesabu kabla: kilomita za safari gawa kwa hizo 7, zidisha kwa bei ya lita. Ukishaona jumla, ndipo ujiulize kama unakwenda kweli hifadhi ya Kitulo wakati wa mvua. Ukienda huko kutazama maua, ambayo huchanua mvua hizohizo za Desemba hadi Aprili, basi lipande daraja liwe la kwanza, maana njia za ndani ya hifadhi ni udongo na IST itakuwa mapambo.

La mwisho: Crown, na gari lolote la picha

Limelala chini, tairi pana zenye ukuta mfupi, linapendeza mno kwenye sherehe. Matuta ya Mbalizi yatalisalimia tumbo moja moja. Sina la kuongeza.

Na dereva au mwenyewe?

Kama hujawahi kuendesha barabara ya Tunduma, siku ya kwanza chukua dereva. Mkubaliane mapema posho yake, chakula na mahali pa kulala mkilala nje, la sivyo jioni utalipia bei atakayoitaja yeye. Kama umekuja kwa siku moja ya kikao mjini, acha kabisa habari za kukodi: teksi inakutosha, au daladala, ushuke njia panda na kumalizia kwa bodaboda.

Makaratasi

Tazama rangi ya namba. Za njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Magari mengi utakayoletewa ni ya njano, na sitajifanya sijawahi kuyakodi. Ila jua kwamba bima yake iliandikwa kwa matumizi binafsi, na likitokea la kutokea ukiwa umelikodi, kampuni ya bima inapata sababu ya kukuacha. Uliza kama ni bima kubwa au ni ile ndogo inayomlipa mtu wa tatu tu. Namba ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yako hapohapo.

Ukiwa na simu mkononi, ingiza namba hiyohiyo kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani uone kama gari linadaiwa faini. Kosa moja ni shilingi 30,000, na deni linakaa kwenye namba ya gari. Mwenye gari akikukabidhi lenye madeni matano, afande wa kwanza atakayekusimamisha atakuuliza wewe. Andikeni pia kwenye mkataba saa mliyokabidhiana, ili faini za kabla yako zisije zikakatwa kwenye amana yako.

Kisha zunguka gari na video. Onyesha kila mkwaruzo, geji ya mafuta, kilomita, tairi la akiba (lipige ngumi, mengi hayana upepo), jeki, spana, pembetatu, kizima moto. Kwa breki, mwombe mwenyewe mtoke naye mwendo mfupi: kanyaga kwa nguvu ukiwa mwendo mdogo. Likivuta upande mmoja, au pedali ikiingia mpaka karibu na sakafu, mrudishie ufunguo. Atakuambia ni kawaida yake.

Ukitaka kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia au wa Kasumulu kwenda Malawi, mwambie mwenye gari kabla. Utahitaji barua yake na kadi ya njano ya bima ya COMESA, na wengi watakataa.

Barabarani

Tunaendesha kushoto. Kwenye makazi mwendo ni 50, na kibao cha kuumaliza kiko mbali kuliko unavyodhani, tochi iko karibu zaidi. Magari yanayokuja yakikuwashia taa mchana, punguza. Pundamilia za Mbalizi simama kabisa hata kama mtu bado anafikiria. Lori likikuwashia indiketa ya kulia, usipite. Ya kushoto, dereva anakuambia njia ni nyeupe, lakini chungulia mwenyewe, yeye hajui gari lako lina pumzi gani. Ukikuta matawi ya miti yamewekwa barabarani, mbele kuna lori limekufa.

Kazi ya kupanua barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, inapita katikati ya haya yote. Usiiamini ramani ya simu kwenye michepuko, fuata vibao na watu wenye bendera. Usiku usisafiri kama huna haja: ukungu unashuka, kuna bodaboda zisizo na taa, na lori lililoegeshwa bila taa linafanana na giza.

Ukishuka Iwambi weka gia ya 2 au L tangu juu, kabla mwendo haujakolea. Breki ziwe za kusahihisha tu. Anayekupigia honi nyuma ana haraka zake.

Siku ya kurudisha

Jaza mafuta Mbalizi, si mjini, ili geji isishuke kabla hujakabidhi. Toka mapema kwa sababu lori moja likilala mteremkoni foleni inafika Iyunga. Mkikutana uwanjani zungukeni tena gari, video nyingine, na amana irudi palepale kwenye simu kabla hujaingiza mizigo kukaguliwa. Mwombe mwenye gari asiondoke mpaka usikie ndege imetua. Asubuhi za mvua ukungu huwa unakaa pale bondeni, ndege ikazunguka na kurudi ilikotoka, na hapo utamhitaji mtu wa kukurudisha Mbalizi ukanywe supu.