Sola, betri au jenereta: uniti ya nani ni rahisi?

Bei ya dukani huwapoteza wengi. Jenereta ndogo huonekana nafuu kwa sababu gharama yake kubwa imo kwenye mafuta utakayonunua kesho na keshokutwa. Sola huonekana ghali kwa sababu umeme wa miaka 20 na zaidi unaulipia siku ya kwanza. Hapa nimepanga kwa bei ya uniti moja, yaani kilowati-saa.

1. Paneli zilizounganishwa na gridi (umeme wa taifa), bila betri. Kama umeme haukatiki ovyo na matumizi yako mengi ni ya mchana, hii haina mpinzani. Kwa hesabu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, gharama ya umeme wa mitambo mipya mikubwa ya sola ilishuka takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2023. Ila jua hili: gridi ikikatika, inveta ya kawaida ya aina hii (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) nayo hujizima, ili isipeleke umeme kwenye nyaya zinazotengenezwa na mafundi.

2. Paneli na betri ya lithiamu. Kwa anayekatiwa umeme kila mara, chaguo langu ni hili. Usiulize bei tu. Uliza betri itatoa uniti ngapi hadi ichoke. Yenye uwezo wa uniti 5 ikitumika kwa asilimia 80, mizunguko 4,000 (mzunguko ni kuijaza na kuitumia mara moja), inatoa uniti 16,000.

3. Paneli na betri za asidi. Ukubwa uleule, ukitumia nusu tu ili isife mapema, mizunguko 500: uniti 1,250. Hata lithiamu ikiuzwa mara tatu ya bei ya betri ya asidi, bado inashinda kwa mbali. Muuzaji hatakupigia hesabu hii.

4. Jenereta peke yake. Lita moja ya petroli kwenye jenereta ndogo hutoa kama uniti 2 ikibebeshwa mzigo wa kutosha. Ukiwasha taa na televisheni tu, hupungua sana. Gawa bei ya lita kwa 2, kisha ongeza oili, plagi na fundi. Dizeli hutoa zaidi kidogo, kama uniti 3, lakini mashine yenyewe ni ghali.

Hata hivyo, kama unahitaji umeme wa akiba saa chache tu kwa mwaka, nunua jenereta. Kwa matumizi madogo hivyo, betri ya bei ghali haitarudisha pesa yake.