CFFI ya Common Lisp: nimekaa nayo miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Kwa wale mnaoandika Lisp na mmefika mahali mnahitaji laibrari ambayo ipo kwa C tu, hii ni rivyu ya CFFI, laibrari ya kuitia fanksheni za lugha ya C ukiwa ndani ya lugha ya Common Lisp. Ni ya bure, unaishusha kwa Quicklisp (kishushio cha laibrari za Lisp) kwa mstari mmoja, na mimi naitumia na SBCL, kompaila ya Common Lisp, kwenye Ubuntu tangu nianze kumtengenezea mjomba programu ya duka lake. Stoo inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyoandikwa kwa C, na juu ya skrini kuna saa inayosema muda kwa Kiswahili, maana mjomba hataki kabisa kusoma saa ya kizungu wateja wakiwa wamesimama kaunta.

Nianze na utamu maana ni mwingi. Unaandika `(defcfun "getpid" :int)` na hapo hapo kwenye REPL (pale unapoandika Lisp na kujibiwa papo hapo) unaita getpid kama fanksheni nyingine yoyote ya Lisp, namba inarudi. Hujaandika hata mstari mmoja wa C, hujakompaili kitu, programu haijazimwa. Ukitaka kuonja tu bila kutangaza kuna foreign-funcall. Jina kama localtime_r linageuzwa lenyewe kuwa localtime-r, stringi zinakwenda na kurudi kwa UTF-8 bila wewe kuhangaika, na mistari ile ile inakubali kwenye SBCL na Common Lisp nyingine kama CCL na ECL. SBCL ina ya kwake, sb-alien, nayo ni nzuri tu, ila siku ukihama SBCL unaiacha huko huko. CFFI aliianzisha James Bielman mwaka 2005 kuchukua nafasi ya UFFI, laibrari ya zamani ya kazi hiyo hiyo, baadae Luís Oliveira akaibeba kwa miaka mingi, na ukiitumia unaona kabisa ni kitu kilichoshikwa na watu wanaojua shida zenyewe.

Sasa tuje kwenye strakti, yaani vipengele kadhaa vya C vilivyopangwa pamoja kwenye memori, na hapa naomba usome taratibu maana hapa ndo watu wanaumia.

Kwa ajili ya ile saa niliita localtime_r, ambayo unaipa pointa (anwani za memori) mbili, moja ya muda kwa sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970 na nyingine ya strakti tm, nayo inakujazia saa, dakika, siku, mwezi. (Najua Lisp ina get-decoded-time yake, ila nilitaka nianze na kitu ninachokijua kabla sijagusa SQLite.) Nikaandika defcstruct yangu, yaani tangazo la strakti kwa CFFI, nikiwa nimekariri, vile vipengele tisa tunavyovijua wote, tm_sec mpaka tm_isdst, kila kimoja int ya baiti 4, jumla baiti 36. Nikaitengea memori kwa with-foreign-objects ikakaa pembeni ya kile kisanduku cha muda, nikaita, saa ikatoka sawasawa kabisa: tm_hour ikisema 10 natoa 6, kwenye skrini inakuja saa 4 asubuhi. Mjomba kafurahi, mi nikalala.

Baada ya siku mbili nafungua jedwali la mauzo nakuta kila kitu kimeuzwa tarehe 1 Januari 1970, saa 12 kamili asubuhi. Kila kitu, mchele, sabuni, vocha, vyote dakika ile ile moja. Nikarudi kuangalia ule muda wa kwenye kisanduku, ambao ndo niliousevu kwenye mauzo, unasema 10800, na nimeikodolea macho hiyo namba muda mrefu sana mpaka ikaniingia kwamba 10800 ni 3 mara 3600, yaani ndo zile saa tatu ambazo Afrika Mashariki tumeitangulia Greenwich! Kumbe kwenye glibc, laibrari ya C ya Ubuntu, strakti tm haiishii kwenye vile vipengele tisa, ina viwili vingine nyuma, tm_gmtoff na tm_zone, na kwenye mashine ya biti 64 yote ni baiti 56. Mimi nimeitengea 36, C haina habari, imeandika 56 zake, na zilizozidi zimemwagikia kwenye kisanduku cha jirani, yaani kile cha muda wangu. Hamna kosa lililotokea wala programu haikukrashi, ilikuwa inaendelea kuandika uongo kwa amani.

Hii ndo tabia ya CFFI unayotakiwa kuijua kabla ya kingine chochote: inakuamini. Ukiiambia strakti ina baiti 36 inakubali, haina namna ya kwenda kuchungulia kwenye time.h yenyewe, faili la C linalotangaza hiyo strakti. Dawa ipo na imo humo humo, inaitwa cffi-grovel. Unaandika kifaili unataja time.h na majina ya vipengele unavyovitaka, yenyewe inatengeneza kiprogramu cha C, inakikompaili, inakiendesha, inaiuliza kompaila ya mashine yako ukubwa halisi na kila kipengele kimekaa baiti ya ngapi. Nilipofanya hivyo foreign-type-size ikarudisha 56 na mauzo yakaanza kuwa na tarehe za kweli. Lawama yangu kubwa ni kwamba maelezo ya grovel yamewekwa mwishoni mwishoni mwa mwongozo, wakati somo la kuanzia, lile la libcurl, ni zuri kiasi kwamba mtu akilimaliza anaona ameshaiva na hafiki huko nyuma. Kwangu mimi strakti yoyote ambayo hujaitunga mwenyewe ipitie grovel kuanzia siku ya kwanza, usiandike kwa kukumbuka.

La pili ni umri wa memori. Kwenye SQLite unafunga jina la bidhaa kwa sqlite3_bind_text, na paramita ya mwisho ndo inayoiambia SQLite kama hiyo stringi itaendelea kuwepo au iinakili yenyewe. Mi nikaweka null, maana yake itakuwepo. Lakini CFFI ukiipa :string inatengeneza nakala ya C, inaita fanksheni, halafu ikirudi tu inaiachia ile nakala, yaani memori yake inarudishwa itumike tena, kwa hiyo sqlite3_step inapokuja kusoma inakuta pameshavunjwa. "Unga wa sembe kilo 2" ukaingia stoo ukiwa mavi ya herufi mwanzoni na mkia "lo 2" ndo umebaki. Hapo weka -1, ndo SQLITE_TRANSIENT, SQLite inajinakilia yake na shida inaisha. Kinyume chake sqlite3_column_text haina neno, :string inakunakilia kwenda Lisp na memori inabaki ya SQLite mwenyewe. Ila kama C imekupa stringi inayotaka wewe uiachie, usitumie :string, chukua :pointer, igeuze kwa foreign-string-to-lisp, afu uiachie, vinginevyo pointa imeshapotea na memori inavuja kidogo kidogo. Na ukitumia foreign-alloc andika mahali nani ataiita foreign-free, mali bila daftari ni ile ile hata kwenye memori, kizoa taka cha Lisp, kile kinachorudisha memori isiyotumika, hakigusi vitu vya C.

Ukigusa anwani mbovu SBCL inakuonyesha "Unhandled memory fault" na inakuruhusu uendelee, usiendelee, funga ufungue upya.

Kitu kingine kilichonichelewesha ni strakti inayopitishwa yenyewe badala ya pointa yake. CFFI peke yake haiwezi, unalodi cffi-libffi juu yake, nayo inataka gcc (kompaila ya C) na kifurushi cha libffi-dev viwe vimeshawekwa kwenye mashine, kama hamna inagoma kwa ujumbe mrefu wa kompaila ambao mgeni hataelewa umetoka wapi. Grovel nayo inahitaji gcc, kwa hiyo kwenye kikompyuta cha duka mimi sikompaili kitu, natengeneza programu nzima kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu ile ile, nahamisha faili moja na flashi. Kati ya nyota tano naipa nne, ile moja nimeikata kwa ajili ya mwongozo, na kazi ya stoo niliyobakiza naendelea nayo kwa CFFI hii hii.