Uzoefu wangu: bastola ya 1911 iliyoandaliwa upya kwa risasi za 10mm Auto

Fundi ameifanyia bastola yangu mambo mengi, lakini yaliyoibadilisha kweli ni mawili: mtutu mpya unaolikumbatia ganda la risasi hadi karibu na kitako chake, na kibao cha pini ya kufyatulia chenye ukingo bapa. Mengine yamesaidia kidogo kidogo, na moja nimelitoa kabisa. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila anayeuliza namna ya kuiandaa bastola kwa risasi kali hujibiwa haraka haraka, "weka springi nzito", yaani ile inayoirudisha mbele slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele kila unapopiga), na jibu hilo peke yake halitoshi. Kuna wakati linaongeza madhara.

Bastola yenyewe ni ya muundo wa 1911, ule wa John Browning uliopitishwa na jeshi la Marekani mwaka huohuo, ila yangu ni ya kaliba ya 10mm Auto. Risasi hii ilitoka 1983 pamoja na bastola ya Bren Ten, na Jeff Cooper, mwalimu mashuhuri wa upigaji bastola, alikuwa mmoja wa walioisukuma. Kampuni ya Norma ya Sweden iliitengeneza ikiwa kali tangu mwanzo: kichwa cha gramu 13 kikitoka kwa kasi ya takriban mita 365 kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya jouli 860 hivi, wakati .45 ACP ya kawaida, risasi ya asili ya bastola ya 1911, hucheza kwenye jouli 500. Waliotengeneza Bren Ten walifilisika 1986, na risasi ingekufa nao kama kampuni ya Colt wasingetoa Delta Elite, 1911 yao ya 10mm, mwaka uliofuata. Baada ya mapambano ya risasi kati ya maafisa wa FBI (idara ya upelelezi ya Marekani) na majambazi huko Miami Aprili 1986, FBI nao waliichagua 10mm, wakaishusha nguvu ili iwe rahisi kwa maafisa wote, na kutokana na hilo ikazaliwa .40 S&W mwaka 1990, ambayo ni ganda lilelile lililofupishwa.

Kwa hiyo anayenunua 10mm leo mara nyingi anaitaka kwa ajili ya nguvu yake. Doria ya Sirius ya jeshi la Denmark, inayozunguka kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa sleji za mbwa, hubeba Glock 20 ya kaliba hii kwa sababu ya dubu weupe. Mimi huitumia uwanja wa shabaha, na porini kama silaha ya pili ninapowinda. Nikiijaza risasi dhaifu, nimebeba .40 yenye mwili mkubwa bila sababu.

Tarakimu ya kuishika kichwani ni shinikizo. .45 ACP imewekewa kikomo cha pauni 21,000 kwa inchi ya mraba. 10mm Auto ni 37,500. Muundo wa 1911 ulizaliwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Kuubebesha ya pili kunawezekana, na hufanya kazi vizuri mno ukiandaliwa, lakini usitegemee kwamba kiwanda kimekufikiria kila kitu. Hata Colt, Delta Elite za mwanzo zilipasuka fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, kwenye kipande chembamba cha reli inayoiongoza slaidi, kilicho juu ya tundu la kizuizi cha slaidi. Suluhisho lao lilikuwa kukiondoa kile kipande. Mpaka leo ukiitazama Delta Elite ubavuni utaona pengo hapo, na halina ubaya wowote.

Yangu ilipotoka kiwandani ilipiga vizuri na risasi nyepesi. Nilipotia zile kali, maganda yakaanza kuruka hatua kumi na zaidi nyuma yangu, midomo yake imebonyea, na ukiyaokota na kuyageuza unaona kitumbo upande mmoja karibu na kitako. Kile kitumbo ndicho kilichonitia wasiwasi. Kinaonyesha mahali ambapo chuma cha mtutu hakikulishika ganda, shaba ikabaki peke yake kuzuia gesi. Siku shaba ikishindwa, gesi inashuka kwenye magazini na kwenye mkono wako.

Karakana ya kwanza niliyoipelekea ilinirudishia bastola ikiwa na springi ya pauni 24 na maneno kwamba kazi imekwisha. Maganda yaliacha kuruka mbali, hilo kweli. Kilichokuja badala yake ni kwamba slaidi sasa inarudi mbele kama mlango uliobamizwa na upepo. Pua ya bastola ilikuwa inazama chini baada ya kila risasi, ikawa nailenga upya kila mara, na risasi ya pili au ya tatu mara inakwama kwa sababu slaidi inapita kabla magazini haijaiinua. Vitumbo kwenye maganda vilibaki palepale. Springi haiwezi kuviondoa, kwa kuwa springi hailishiki ganda. Gharama ya kazi ile naihesabu imepotea bure.

Fundi wa pili, ambaye ndiye ninayemsifu hapa, hakugusa springi kwanza. Aliomba maganda yaliyotumika, akayapanga mezani na kuyapima kwa kaliperi, kisha akaipaka slaidi na fremu rangi ya kalamu ya wino sehemu zinazosuguana, akapiga risasi chache na kutazama wapi wino umetoka. Wino ulikuwa umefutika mahali pawili: kwenye miguu ya chini ya mtutu (vinundu vinavyoushikiza kwenye fremu) upande mmoja tu, na kwenye fremu pale slaidi inapogonga ikifika mwisho wa safari yake. Kwa hiyo mtutu ulikuwa umekaa upande, na slaidi ilikuwa inafika nyuma na mwendo mwingi kupita kiasi. Mtu anayefanya hivyo kabla ya kukutajia vipuri, mwachie bastola yako.

Mtutu alioweka una mteremko wa kupandishia risasi uliochongwa kwenye mtutu wenyewe. Katika 1911 ya asili mteremko huo uko kwenye fremu, na mdomo wa chemba, yaani tundu la mtutu linamokaa ganda, umekatwa chini ili risasi ipite. Pale palipokatwa ndipo ganda linapobaki bila mlinzi. Mteremko ukihamia kwenye mtutu, chuma kinasogea nyuma na kulishika ganda karibu lote. Kazi hii inadai fremu ikatwe kwa vipimo, na ikishakatwa hairudi ilivyokuwa, hivyo si kipuri cha kufunga mwenyewe jikoni. Maganda yangu tangu siku hiyo yanatoka yamenyooka. Napitisha kidole kuzunguka kitako na sioni kitumbo hata kwenye risasi kali kuliko zote ninazonunua.

Jambo la pili ni dogo kwa umbo, na nadhani ndilo watu wengi hawalijui. Nyuma ya slaidi kuna kibao kidogo cha chuma kinachoizuia pini ya kufyatulia isitoke. Slaidi inaporudi nyuma, kibao hicho ndicho kinachoisukuma nyundo ijikokie. Katika bastola nyingi ukingo wake wa chini umezungushwa, kwa hiyo unaigusa nyundo juu, mbali na ekseli yake, na nyundo inalala kwa urahisi. Browning mwanzoni alikuwa na ukingo wa mviringo mdogo sana, karibu bapa. Ulizungushwa zaidi baadaye ili slaidi iwe nyepesi kuvutwa kwa mkono. Ukirudisha ule ukingo bapa, kibao kinaigusa nyundo chini, karibu na ekseli, na slaidi inalazimika kufanya kazi kubwa zaidi kuiangusha nyuma. Kazi hiyo inaila kasi ya slaidi mwanzoni kabisa, pale ambapo mtutu na slaidi bado zimefungana na kichwa cha risasi ndiyo kwanza kinatoka. Mtutu unachelewa kidogo kufunguka, shinikizo linapata nafasi ya kushuka, na ganda linachomolewa kwa upole.

Uzuri wake ni kwamba halikudai chochote wakati wa kurudi mbele. Springi nzito inakuzuia ukienda na inakusukuma ukirudi; kibao bapa kinazuia ukienda tu. Gharama yake ni kwamba kuivuta slaidi kwa mkono nyundo ikiwa imelala kumekuwa kugumu waziwazi. Mwenye mikono dhaifu aikoki nyundo kwanza kwa dole gumba, huku bastola ikielekea mahali salama, ndipo avute slaidi.

Baada ya hayo mawili ndipo alipoigeukia springi, akaniwekea ya pauni 20. Ile ya kawaida ya 1911 ya .45 ni pauni 16, kwa hiyo bado ni nzito, lakini pua haizami tena na bastola inalisha kila aina ya kichwa niliyoijaribu. Maganda yanaanguka hatua mbili tatu kuliani mwangu. Springi ya nyundo aliiacha ile ya pauni 23, akasema akiiongeza ataiharibu triga bure, na nakubaliana naye. Kuna watu huweka pia kipande cha plastiki au mpira kati ya slaidi na fremu ili kupunguza kishindo. Sikipendi kwenye bastola ya kubeba. Kinachakaa, kinamegeka, na vipande vyake vinaingia mahali pasipotakiwa.

Nililolitoa ni kompensata, kipande cha mbele ya mtutu chenye matundu ya kutolea gesi. Ilifungwa kwenye mtutu uliorefushwa, na uwanjani kwa kweli ilipendeza: gesi inatoka juu, pua haipandi, risasi ya pili iko tayari kabla hujapumua. Porini ikawa hadithi nyingine. Mlipuko unakurudia usoni, mwako wake jioni unakunyima macho, na uzito ule ulioongezwa kwenye mtutu ukabadilisha kila kitu nilichokwisha kuzoea, springi ikabidi ishushwe, na risasi nyepesi zikakataa kuiendesha slaidi mpaka mwisho. Ala yangu ya ngozi pia haikuipokea. Kwa anayeshindana kwa risasi za aina moja tu, nitamshauri aiweke bila kusita. Kwangu imekaa kwenye sanduku.

Wapo watakaouliza kuhusu njia nyingine, ya kuichukua bastola ya .45 na kuipandisha badala ya kununua 10mm. .45 Super hutumia ganda lenye vipimo vya .45 ACP lakini lenye ukuta imara zaidi, kwa kikomo cha pauni 28,000. .460 Rowland inafika 40,000, na ganda lake limerefushwa kidogo makusudi lisiingie kwenye chemba ya .45 ya kawaida. Kwenye hiyo ya pili kompensata si pambo, ni sehemu ya mfumo, maana uzito wake ndio unaochelewesha kufunguka. Nimepiga zote mbili kwenye bastola za wenzangu. .45 Super naiheshimu, ila ile hali ya ganda kali kuingia bila kizuizi kwenye bastola yoyote dhaifu ya .45 inanitisha, risasi zake zikichanganyika na nyingine kwenye begi, hakuna kitakachokuonya isipokuwa maandishi kwenye kitako. Kwa sababu hiyo ningemshauri anayeanza achukue 10mm.

Vilengeo nilibadilisha, vya mbele vina uzi wa rangi unaong'aa, vizuri, sina la kuongeza. Vibao vya mpini navyo vimebadilishwa kuwa vyenye mikwaruzo mikali zaidi. Hivi vimesaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa risasi kali inaipindua bastola ndani ya kiganja na mkono wenye jasho hauwezi kuizuia.

Triga imechongwa ivutike kwa wepesi lakini si kupita kiasi. Nilimwambia fundi wazi kwamba sitaki triga ya mashindano kwenye bastola ninayotembea nayo.

Baada ya kila siku ya kupiga naifungua na kutazama mambo manne: reli za fremu karibu na tundu la kizuizi, miguu ya chini ya mtutu, pini ya kizuizi yenyewe, na ndoano inayochomoa ganda. Ndoano ndiyo inayochoka mapema kwenye risasi hizi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye reli ukiuona, bastola haipigwi tena mpaka fundi aione.

Na magazini. Slaidi ya 10mm inakwenda kasi, na springi ya magazini lazima iinue risasi kwa kasi hiyohiyo, tena ya mwisho, wakati springi imeshalegea. Mikwamo mingi inayosingiziwa mtutu au triga chanzo chake ni hapo. Magazini zangu nimezitia springi ngumu zaidi na kuzipa namba kwa kalamu kwenye kitako, ili moja ikianza kukwamisha niijue ni ipi na niitupe ile tu. Wakati wa kununua magazini mpya hujaza risasi kali na kuipiga hadi mwisho mara kadhaa kabla ya kuipandisha hadhi ya kwenda porini, na ambayo haijapita haiingii kwenye mkanda.